Kisamaki Kilichonasa kwenye Mkoko

Hamisi, rafiki yangu,

Masika yamekatika, na maji ya mlangoni mwa Ruvuma yameanza kusafika. Huu ndio wakati wako. Dagaa wanajibanza kwenye mikoko, kolekole wanawafuata mpaka penye maji machache, na wewe ungekuwa umeshakaa barazani unachonga kandambili kuukuu ziwe visamaki vya kuelea, chambo cha kolekole.

Sijarudi kule. Nimehamia Chuno, kwenye nyumba iliyo mbali na maji, lakini nasikia. Mwanafunzi akitumbukiza kikombe kwenye ndoo ya maji ya kunywa, nasikia kisamaki chako kikitua. Chubwi. Halafu kimya, kama ulivyonifundisha: "Usivute, Mwalimu. Mwache aamini kwanza."

Mimi mtu wa Iringa, niliyeletwa kusomesha hesabu, sikujua hata kufunga ndoano. Ukanionyesha kuvuta kidogo, kuacha, kuvuta kidogo, mpaka maji yanapasuka na mshipi unakata vidole. Kolekole wangu wa kwanza aliniangusha kwenye tope. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Asubuhi ile nilirusha vibaya. Kisamaki kikanasa kwenye mizizi ya mkoko ng'ambo ya kijito. Ningeweza kukata mshipi. Nikasema, na nakumbuka nilivyosema, kwamba hicho ndicho kolekole wanachokipenda. Ukavua shati, ukanipa nishike. Maji yalikufika kiunoni.

Niliwaambia watu ulikuwa unafuata samaki wako. Niliwaambia mamba alikuchukua ghafla, hukuwahi hata kutoa sauti. Kesho yake tulipokupata, ukazikwa hivyo, na uongo wangu. Kwenye arobaini wazee walinishukuru kwa kukaa nawe mpaka mwisho. Nilikula pilau yao, Hamisi. Nilikula na kunawa.

Tangu hapo silali vizuri, na mchana ni mbaya zaidi. Juzi nikashindwa. Nikaenda kijijini Ziwani kwa mama yako, nikamkuta anamenya mihogo uani. Nikamweleza kwamba chambo kilichonasa kilikuwa changu na mimi ndiye niliyekitaka.

Hakuinua uso. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuita?"

Hilo sikuwa nimejiandaa kulisema. Nikamwambia uliniita mara mbili.

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama, Mama. Nilisimama na shati lake mkononi."

Akaendelea kumenya mpaka muhogo ule ukaisha. Kisha akasema polepole kwamba miezi yote hii amekuwa akikuwaza umekwenda bila hata pumzi ya kumwita mtu.

"Kumbe mwanangu aliita," akasema.

Hakusema amenisamehe. Hakunifukuza pia. Aliingia ndani, akatoka na kisu cha pili, akakiweka karibu na goti langu. Tulimenya mpaka kapu likaisha.

Sikuombi uache kunijia. Sistahili, na nadhani ningebaki mpweke. Pumzika, ndugu yangu, Mungu akupe nafasi pana. Jumamosi nitakwenda kupalilia mikorosho ya mama, na Jumamosi nyingine, maadamu hajanikataza. Akitaka tena kusikia jinsi ulivyoita, nitamwambia. Na pale niliposimama, sitaparuka.

Ni mimi,
Yosefu