Nyama Iliyoona Upepo

S.L.P. 318,
Serowe,
Botswana.
14 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Sethunya,

Kwa heshima zote natangaza kwamba tangu Jumamosi iliyopita kaka yako ni mwenye kiwanda. Mfanyakazi ni mmoja, meneja ni yeye huyo huyo, na mashine ni ile ya kukaushia nyama uliyotutumia.

Kabla hujacheka, u hali gani? Najua huko Kanada sasa ni joto. Huku Julai imetukamata. Asubuhi tunang'ang'ania moto kama paka. Goti langu linalalamika, lakini hilo hulalamika hata kiangazi.

Mama hajambo. Ila lile uliloniuliza kwenye simu lilikuwa halijabadilika. Tangu tumzike Baba, mwaka wa pili huu, alikuwa hagusi segwapa, yeye aliyetulea kwa nyama hiyo kavu. Nikimletea ya dukani anauma kidogo, anasema, "Ni nzuri, mwanangu," kisha anaisukuma sahani. Amekonda, Sethunya. Ndiyo maana ulituma mashine, na ndiyo maana mimi niliiogopa.

Basi nilinunua nyama ya paja, nikaikata vipande vyembamba kama ulivyoagiza, nikavilaza kwenye siki, chumvi na mbegu za giligilani. Vingine nikavitia pilipili, vingine asali. Mke wangu MmaTumo akaniuliza kama napika nyama au keki.

Mama akaja jikoni kukagua.

"Modiri, nyama umeifungia ndani ya sanduku?"

"Kuna feni humo, Mama. Inajipulizia upepo yenyewe."

"Upepo wa jikoni! Nyama isiyoona upepo wa nje si segwapa. Hiyo ni nyama inayougua."

Nina miaka hamsini na mitatu, lakini wewe unamjua Mama. Jumamosi alfajiri nikavuta waya mrefu, nikaiweka mashine uani juu ya kigoda, nikaiwasha. Kisha nikarudi kulala, kama meneja yeyote.

Jioni Mama alichukua kipande cha asali. Akatafuna. Akachukua cha pili, halafu cha pilipili.

"Hii ni ya baba yako," akasema.

Machozi yalimtoka, lakini mkono haukusimama mpaka sahani ikabaki nyeupe. Jumapili akaomba tena.

Mjomba Galeforolwe anakusalimu. Anasema na yeye umtumie mashine, kwani meno bado anayo. Yako matatu, nimehesabu. MmaTumo na mwanetu Tumo pia wanakusalimu sana.

Sasa ukweli, maana najua umeshaanza kuwasimulia wenzako kazini jinsi kaka yako alivyo fundi. Haikuwa siki wala giligilani. Nilipokuwa nakoroma, MmaTumo alitoka na fagio kufagia uwanja kama kila alfajiri, na ile feni ikavuta vumbi lote. Nilipoonja, mchanga ulilia kwenye meno. Nilikuwa nampelekea mbwa; Mama akanikuta njiani.

Unakumbuka segwapa ya Baba kule zizini, ikining'inia kwenye waya huku ng'ombe wakitimua vumbi chini yake? Tulivyokuwa tukitema mchanga kwa siri?

Dhamiri ilinisumbua siku mbili. Jumatatu nikamwambia Mama kila kitu. Akanitazama kama ninavyotazamwa tangu utoto.

"Kwani wewe ulidhani natafuna nini?"

Leo nimewasha mashine tena, pale pale uani. MmaTumo amesimama na fagio, ananiuliza aanzie upande gani.

Mvua ya baraka ikunyeshee popote ulipo, dada.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa meno yote yaliyosalia,
Modiri