Jogoo Anayeuma Kahawa

Isansa, 3 Julai 2024

Mwanangu Rubeni,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, ila mama yako Tabita mgongo unamsumbua. Dar joto limepungua?

Naandika kwa sababu kwenye simu ningefoka. Msimu huu wa tisa wa katuni yenu tunautazama dukani kwa Mika. Miaka yote mlipowacheka wakubwa, nami nilicheka. Sasa yupo jogoo mpokea kahawa. Anauma punje, anatema, anasema, "Bado inalia maji, irudishe juani!" Kisha anainunua mwenyewe kwa bei ya kutupa na kuivusha Tunduma kwa magendo. Hapa mpokea kahawa wa kikundi chetu cha wakulima ni mimi. Anayeuma hivyo ni mimi. Nimeiba lini, Rubeni?

Baba yako

Dar es Salaam, 11 Julai

Shikamoo baba,

Mpe mama pole ya mgongo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi.

Ule uumaji niliuchukua kwako kwa mapenzi. Wizi waliuongeza wenzangu tunaoandika nao, nami nikacheka. Sauti ya jogoo naiigiza mimi, na watu wanaipenda kuliko zote. Usikasirike baba, ni utani tu.

Mwanao Rubeni

Isansa, 2 Agosti

Rubeni,

Salamu. Utani una watani wake. Baba na mwana si watani.

Nikipeleka punje mdomoni, foleni nzima inawika. Jirani yetu Enesi aliwika mpaka akashika kiuno. Nikaona aibu, nikaanza kupima kwa kiganja, na kiganja hakijui kitu. Kahawa mbichi imeingia ghalani, imeota ukungu na kuharibu ya wengine. Mnunuzi ameikataa yote. Ada za watoto wa watu zimo kwenye magunia yale. Sasa wanasema nimefanya makusudi ili niinunue kwa bei ya kutupa, kama jogoo wako.

Mkutano ni Jumamosi tarehe kumi. Njoo usimame mbele yao, useme wizi ule mliutunga. Naogopa, mwanangu.

Baba yako

Dar es Salaam, 7 Agosti

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Jumamosi hiyo hiyo tunarekodi sehemu ya mwisho ya msimu. Nisipokuwepo, jogoo atapewa mtu mwingine. Nimejirekodi video, nimemtumia Mika aionyeshe mkutanoni. Nimesema ukweli wote. Nisamehe, baba.

Mwanao

Isansa, 29 Agosti

Rubeni,

Mgongo wa mama yako umepata nafuu. Nimechelewa kukuandikia.

Mika alileta runinga yake mkutanoni. Watu walisogea karibu. Ukaanza, "Wazee wangu, baba yangu hajaiba." Basi, wakamsikia jogoo. Sauti ni ile ile, mwanangu. Enesi alijiziba mdomo kwa khanga, akashindwa, na wote wakafuata. Mika akazima kabla hujamaliza. Wakanyoosha mikono, nikatolewa kwenye kazi ya kupokea kahawa.

Mimi sikucheka. Niliisikia sauti yangu ya ujanani ikinitetea, na hakuna aliyeiamini. Iliniuma sana.

Kahawa yetu ya mwisho tumeianika uani. Leo asubuhi niliuma punje, ikakataa jino. Nilitaka kumwambia mama yako imekauka. Nikafikiria sauti itakavyotoka mdomoni, kama ya jogoo, nikamwonyesha kwa mkono.

Baba yako