Kitufe Nilichokiandika Mimi, na Mjomba Akakibonyeza

Mpendwa mshauri Triza,

Naomba unisaidie kwanza ndipo unikemee, maana nikiendelea kunyamaza nitaugua. Naitwa Mativo, naishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, kazi yangu ni kuandika programu za simu, na kampuni ndogo iliyoniajiri ina pochi ya simu ya kuwekea sarafu za kidijitali. Mwezi uliopita bosi wangu, Owen, aliniagiza niongeze sehemu mpya, mtu anabonyeza kitufe anakabidhi sarafu zake kwa wale wanaoendesha mtandao wa sarafu hiyo, zinamletea faida kidogo na bado ni zake, hazitoki kwenye pochi, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote. Kisha akaniambia niweke ukurasa wa kumwomba mtu aandike upya yale maneno yake kumi na mawili ya siri, yaliyo ufunguo wa pochi yake, kabla ya kukabidhi, nami najua vizuri, Triza, kukabidhi hakuhitaji hayo, na anayeyajua maneno hayo anaweza kuhamisha kila kitu. Nilimuuliza yanakwenda wapi. Akacheka. "Wewe andika tu, maswali niachie mimi." Nikaandika.

Wiki iliyopita nilifuatilia nikakuta maneno hayo yanaingia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Nilipomwambia nataka kuuondoa ukurasa ule hakupandisha hata sauti, alinitajia tu namba ya mlango wangu na saa ambayo mke wangu Kavinya hutoka kumpeleka mtoto shule. Tangu siku hiyo nikisikia viatu kwenye ngazi nakagua komeo la mlango, bodaboda ikisimama chini nachungulia dirishani, Kavinya akiniuliza nina nini namwambia ni malaria.

Na si hayo tu. Mjomba wangu Mutunga, mchonga vinyago wa Shauri Moyo aliyenilea baada ya baba kufariki, hulipwa kwa sarafu hizo na mnunuzi wake wa ng'ambo, na kwenye pochi yetu ndimo alimoweka pesa za kupasuliwa jicho kwa sababu haoni tena ncha ya patasi yake. Jumapili tukitoka kanisani alinionyesha simu akitabasamu. "Nimekabidhi, mwanangu. Nimeandika maneno yote kumi na mawili. Si hii ndiyo kazi yako?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba."

Sarafu zake bado zipo, nazitazama kila saa. Nikisema, Owen atajua ni mimi. Nifanye nini?

*

Mativo,

Barua yako sikuingojesha zamu. Niliisoma asubuhi nikakupigia kwa namba uliyoiacha, na leo naichapisha kwa ruhusa yako, majina yote yamebadilishwa, mkeo na mtoto wakiwa wamekwisha kufika mahali salama.

Hofu yako ina sababu. Mtu anayekutajia saa ya mkeo kutoka nyumbani amekutishia, na hilo ni kosa la jinai. Lakini lile "Ndiyo, mjomba" lilikuwa lako, hakuna aliyekulazimisha. Nilikwambia hivyo kwenye simu.

"Mjomba ataniuliza kwa nini niliandika," ulisema.

"Acha aulize. Mwambie Kavinya ukweli, kisha uende kwake sasa hivi."

Ulikwenda. Ulimkuta Mutunga akipiga msasa, ukamweleza yote ukiwa umesimama mlangoni, mkafungua pochi nyingine ya kampuni tofauti yenye maneno mapya, na sarafu zote zikahamia huko. Mzee hakukulaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Wengine ni wangapi?"

Mia mbili na kumi na wanne, ulimjibu, na watatu kati yao pochi zao tayari zimekombwa.

Basi kijana, kazi yako haijaisha. Usikutane na Owen, wala usipokee simu yake. Nakala ya ukurasa ule na kila ulichokiona, mpe wakili leo, muende pamoja kwa polisi, mripoti wizi na vitisho. Watumie wateja wengine wote ujumbe mfupi wa wazi: fungueni pochi mpya kwingine, hamisheni sarafu sasa. Wale watatu usiwaandikie. Wapigie simu mmoja mmoja, wasikie sauti yako, na kabla ya kuomba radhi uwaambie ni nani aliyeandika ukurasa ule.