Dawa ya Macho Iliyorudishwa

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila mama. Dawa yake ya macho uliyotuma ilifika posta, wakairudisha ilikotoka kwa sababu hukuandika msimbo mpya wa eneo letu. Nilikwenda kuuliza. Karani ni yule jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na alinijibu bila haya, "Dada, bila msimbo mashine haitambui anwani."

"Na wewe humtambui mama?" nikamfokea. "Si ndiye aliyekulea?"

Nusura nimrukie.

Jicho la kushoto limeshazima. Msimbo wetu ni 41207, lakini usitume kitu. Njoo mwenyewe, mama akuone kabla jicho la kulia nalo halijazima.

Dada yako, mwenye hasira hadi sasa.