Birika la Kilo Kumi na Sita

Kocha Kazungu,

Salamu sikuletei. Nakuletea hasira kwanza, salamu zitafuata nyuma zikipata nafasi. Miezi saba umelala kwenu Kaloleni, na miezi saba nzima mie nagombana nawe jikoni, nikikoroga uji wa watoto wa shule, mpaka Kadzo, msaidizi wangu, amezoea na haulizi tena nasema na nani. Na lile birika lako la chuma, ukitaka kujua, nililifanya kizuizi cha mlango kwangu Timbwani, mlango usipigwe na upepo. Ndiyo kazi niliyoipa. Nilikuwa nalisogeza kwa mguu.

Usijifanye kushangaa. Siku uliyonipa nilikwambia usoni pako nalionaje. Ulikuwa umekaa uani kwako Bofu, miguu imevimba kwa sababu ya figo, umeipandisha juu ya kigoda, na karakana yako ya kuchomelea imefungwa mlango kwa mara ya kwanza tangu nikujue. Birika lilikuwa chini karibu nawe, duara la chuma lenye mkono juu, sawa na birika la chai lisilo mdomo. Ulilichomelea mwenyewe, ukalijaza vyuma chakavu, ukalipima kwenye mizani ya muuza viazi. Ukaniambia, "Da Mwana, hili lako. Pembea tu. Kumi, pumzika, kumi tena. Siku tatu kwa wiki. Na kile chuma kirefu ukiache kwanza."

Nilicheka mpaka mkeo akatoka ndani kuja kutazama kuna nini. Kilo kumi na sita! Mie ninayevuta kilo mia na ishirini za chuma kirefu kutoka chini, mie ninayeshika sufuria la maharagwe upande huu na watu wawili wakashika upande wa pili, leo napewa kijibirika. Nikakwambia hicho ni cha kuchezea watoto. Ukasema, "Haya, simama hapa tupige kumi tu, mimi nihesabu." Nikakwambia ukiwa na kitu kizito nitakuja. Kisha nikalibeba kwa mkono mmoja, kwa kuwa sikutaka kumkatalia mgonjwa mbele ya mkewe, nikaenda zangu. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumanne iliyofuata nikapigiwa simu kwamba hupo tena.

Mazishini watu walisimama mmoja mmoja wakasema ulikuwa mpole. Mpole, wewe! Mtu uliyenitupia kandambili miaka ile ya mwanzo, siku nilipoinua chuma mgongo umepinda. Mtu uliyemfukuza fundi wa simu kwa sababu alijipiga picha kabla hajapasha mwili. Nilikaa kwenye jamvi na leso yangu mdomoni nikiwadharau wote, wenye kulia na wenye kuhutubia, maana ningeacha kuwadharau ningelia nami, na sikutaka kulia mbele ya watu wasiokujua.

Jim yako ipo bado, pale pale nyuma ya karakana. Omari wa tuktuk ndiye anayeshika funguo. Amenunua kioo. Naam, kioo, umesikia sawasawa. Sasa watu wanainua wakijitazama, na kila mtu amegundua ana upande wa uso ulio mzuri zaidi. Ile mikebe ya rangi uliyoijaza saruji, tuliyoanza nayo miaka kumi na mitano nyuma, ameitupa nje akaizungushia maua. Nilipomuuliza akasema imepitwa na wakati. Nikamwambia hata yeye amepitwa na wakati na hakuna aliyempandia maua.

Ila mpini wa jembe upo. Sheria yako ile hajathubutu kuigusa. Mgeni akija, awe anatoka jim gani, awe anainua kilo ngapi, anasimamishwa ukutani pale penye rangi ya kijani na anapewa mpini mtupu mpaka mwenyeji aseme basi. Hachagui chuma chake. Anachaguliwa. Na mie ndiye niliyekuwa nikiwakabidhi huo mpini, kwa raha kabisa, na jim nzima ikicheka, maana nilikuwa na maneno ya kila mmoja. Yule askari wa kulinda benki, mwenye shingo nene, nilimuuliza kama angependa tumchongee mwembamba zaidi. Hakurudi. Nililiona hilo ni sifa yangu.

Sasa sikiliza yaliyonipata, ufurahi huko uliko.

Mgongo ulianza kuniuma mwezi wa tatu tangu uondoke. Kidogo tu, upande wa kushoto, nikiinamia sufuria. Nikajua dawa yake ni kupunguza kile chuma kirefu, kwa kuwa sikuzaliwa jana. Nikasema basi, nitajifunza haya mabirika, lakini kwa mpango wa mtu mzima, si huo wako wa kumi pumzika kumi. Nikavuka kivuko, nikaenda mpaka Magogoni kwa bwana mmoja mwenye jim ya ghorofani anayejiita bingwa. Bingwa wa nini, hakusema, na ukutani hapakuwa na ushahidi. Akalitazama dera langu kutoka juu mpaka chini, akanipa kijibirika cha rangi ya waridi cha kilo nne. Wallahi nilikitafuta mkononi. Nilipomwambia navuta ngapi hakuona haya, akageuka kama aliyekanyaga moto, akanitolea karatasi yenye mazoezi kumi na manne, ya kulala, ya kuruka, ya kusimama mguu mmoja, na kila moja lina jina la kigeni. Nikamuuliza nianze na lipi. Akasema yote.

Nikarudi zangu nikaingia kwenye simu. Huko ndiko kuna wendawazimu wenyewe. Kila mmoja kifua wazi, kila mmoja anaapa mwenzake ni mwongo. Mmoja ana mpango wa siku saba wa kukupa mabega, kana kwamba mabega huletwa na tuktuk. Nikawadharau wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa na uso wa kununa na mpango wa watu wagumu: birika la kilo ishirini na nane, mara mia kwa siku, siku tano. Huyo nikampenda. Unajua kwa nini nilimchagua? Kwa sababu wewe ulikuwa mgumu, na mie ni mgumu. Hiyo ndiyo akili niliyotumia, Kocha. Mwanamke mzima, miaka kumi na mitano kwenye vyuma, na hiyo ndiyo akili.

Nikasema anayevuta mia na ishirini, ishirini na nane ni nini kwake? Omari alikuwa nalo moja limekaa tu. Nikalichukua. Na kile kirefu sikukiacha, siku za mapumziko nilikivuta kama kawaida, maana kupumzika ni kwa wageni, na mie si mgeni.

Kumbe ni mgeni. Birika halitaki nguvu ya mtu wa kuvuta. Ulinieleza siku ile ile ya kunipa, nikawa nachokonoa meno. Linatoka kwenye nyonga. Unazirudisha nyuma, unazirusha mbele, na mikono ni kamba tu, haina kazi. Mie nikalichuchumalia kama ndoo ya maji, nikalipandisha kwa mabega, likishuka linanivuta, nami nalikamata kwa mgongo. Mia kwa siku. Siku ya nne, hata nusu sijafika, kitu kikafunga huku chini ya mgongo, nikapiga magoti mbele ya kile kioo. Nilijiona naanguka. Omari na wenzake watatu wakanibeba mpaka kwenye tuktuk, na njia nzima ananiambia pole, Da Mwana, pole, mpaka nikamwambia anyamaze.

Siku kumi na moja nililala kwenye mkeka. Daktari aliniambia polepole, kama anayesema na mtoto, kwamba nikiurudia mchezo huo nitaacha kuinua. Si chuma peke yake, alisema, hata sufuria. Mwalimu mkuu naye akaja na machungwa, mama wa watu hana ubaya, akaniambia anaweza kunihamishia dirishani nigawe chakula. Nigawe chakula! Nishike mwiko mie, nimuulize mtoto mchuzi umetosha? Alipotoka nikaugeukia ukuta. Nisipoinua mie ni nani, Kocha? Watu hunisalimu kwa heshima kutoka kituo cha feri mpaka msikitini, na si kwa uzuri wa uso wangu. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa namna ile, hata ulipokufa, maana ulipokufa nilikasirika tu.

Siku niliyosimama vizuri nilitaka kufunga mlango wa jikoni. Birika lako lilikuwa pale pale, lina vumbi na alama za ndala zangu. Kulisukuma kwa mguu siwezi, mgongo haukubali. Kuliinua kwa mkono mmoja naogopa kupinda. Basi nikaziteremsha nyonga nyuma, taratibu, kama mzee anayetafuta kiti, nikalishika kwa mikono miwili. Mara ya kwanza hiyo, miezi yote ile.

Mikono ikaenea.

Unaijua mikono yangu. Glavu za jikoni hazinitoshi, pete ya ndoa ilibidi ikaongezwe kwa sonara. Lile birika la Omari vidole viwili vilikuwa nje. Hili lako, ngumi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, hakuna kidole kilichobaki nje wala nafasi iliyobaki ndani. Nikasimama pale nimelishika. Ndipo nikakumbuka kile kipande cha bomba la maji. Ulikuwa bado unafanya kazi, uso tu ndio umeanza kujaa. Ukaniita karakanani, ukaniambia nikishike ngumi kwa ngumi, ukapiga chaki huku na huku. Nikakuuliza cha nini, ukasema ni mkono wa geti la mteja. Nikasema maskini mteja huyo, ana mikono kama yangu. Wewe ni mtu wa kucheka, na siku ile hukucheka.

Ulikuwa umeshauona mgongo wangu unavyopinda. Mwaka mzima ulikuwa unauona, na mbele ya watu hukusema, kwa kuwa ungesema ningekutukana. Ukaumwa, ukaacha kazi za watu, hii yangu ukaimaliza. Na nilipokuja ulitaka kumi tu. Kumi. Haichukui hata muda wa kupoza chai, nami nikakunyima.

Nikapiga kumi pale jikoni. Nyonga nyuma, nyonga mbele, mikono kamba. Nilihesabu mwenyewe, kwa sauti, moja mpaka kumi, kama ulivyotaka kunihesabia. Kisha nikakaa sakafuni nikalia kilio nilichowanyima wale wa mazishini.

Sasa ni wiki ya sita. Kumi, pumzika, kumi tena, siku tatu, kile kirefu nimekiacha. Mgongo umetulia. Jana nimeshika sufuria na Kadzo, tumelitua, nikasubiri maumivu, hayakuja. Na usidhani nimekuwa mtu mwema. Yule bingwa wa Magogoni bado ni mpuuzi. Kioo cha Omari siku moja nitakivunja na kusema ni bahati mbaya. Na wewe bado sijakusamehe kuondoka, kwa sababu yapo uliyobakisha: lile zoezi la kulala chali na birika juu, ukainuka nalo mpaka ukasimama. Hilo siwezi kujifunza peke yangu, lataka jicho la mtu. Na peke yangu ndivyo ninavyofanya mpaka leo, kwangu, mlango umefungwa, wasinione.

Basi nakuahidi hili, nalo linanigharimu kuliko unavyodhani. Jumamosi asubuhi, jim ikiwa imejaa, nitaingia na birika lako mkononi. Sitakwenda kwenye chuma kirefu. Nitakwenda ukutani, pale penye rangi ya kijani, nitasimama wanaposimama wageni. Omari akinipa mpini nitaupokea. Akisema niweke chini nichukue birika, nitachukua. Na kumi za kwanza atahesabu yeye, kwa kuwa wewe nilikukatalia.

Lala, Kocha Kazungu. Salamu zako hizi hapa, zimepata nafasi. Mkeo mzima, nampelekea samaki kila Ijumaa, naye bado ananiuliza siku ile nilicheka nini.

Jumamosi watanicheka, najua. Wacha wacheke. Niliwafunza mimi.

Mwana