Mama Aliyechoka Kuaga

Mama yangu mpenzi uliyekimbilia Lokandu,

Mjomba akusomee polepole, wala asiruke maneno makali. Nina hasira, ingawa si zote juu yako.

Nimekaa kwenye mkeka ule ule tuliokutandikia asubuhi ile ya kwanza. Unakumbuka? Nilikunyoa nywele za kisogoni, uvimbe wa shingo ukabaki wazi, wakati huo haujapita ukubwa wa limau. Ulikuwa umeshazunguka nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi, kama afanyavyo kila mtu wa hapa Kindu anayekwenda kukatwa, maana kisu hakina udugu. Majirani walilia. Mama Zaina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikusamehe hata yale maneno makali mliyotupiana mtoni. Fundi wa kupasua akafika kutoka Nyangwe, akahesabu kwa vidole, akasema mwezi umeingia nyota ya Nge, siku za nuhusi, hatiwi mtu kisu. Akala, akaondoka. Wewe ulibaki umelala pale unatetemeka, nami sikujua nikufunike au nikuinue.

Tukaanza upya. Mara fundi aliitwa mjini Kasongo kumtibu mkubwa mmoja aliyepigwa risasi, mara mvua ikamzuia njiani. Kila alipotuma habari kwamba anakuja ulinyolewa, ukafunga kula, ukazunguka kuomba radhi, na kila alipoahirisha nilikuona ukipungua. Mlango ukigongwa ulishtuka. Wali uliungua nawe umesimama hapo hapo mekoni. Watu wakakwambia subira yavuta heri. Heri gani, mama? Subira yako ilivuta uvimbe tu, hata ikawa ukiitwa unageuka mwili mzima.

Kisha ile siku ya kutwanga mpunga. Ulimwendea tena Mama Zaina kuomba radhi, naye akaweka mchi chini, akacheka: "Weye tena? Si tulishakulilia?"

Wenzake nao wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Machozi nayo huisha. Lakini ulirudi ukaketi bila kuvua ushungi, ukaniambia: "Kisu siogopi, mutoto yangu. Kuaga njo kunaniua." Kulipokucha ulikuwa umeshapanda mtumbwi wa Wagenya, wale wavuvi wa mto, kwenda kwa mjomba.

Sasa sikia. Fundi amefika jana. Mwezi ni mzuri, mvua hakuna, na yule mkubwa wa Kasongo amepona. Alipoambiwa haupo, akaanza kufunga mfuko wake, akasema, "Basi, nitarudi." Damu ilinipanda kichwani. Nilimpokonya ule mfuko na visu vyake vyote, nikauweka chini ya mkeka, na ndio nimeukalia hapa nikikuandikia. Nimemwambia atakula kuku wangu mpaka waishe, lakini haondoki kabla hajakupasua. Amenuna, ila anakula.

Naogopa, mama. Naogopa uvimbe huo usije ukakubana koo huko, nami niko huku namlinda mtu mzima asitoroke. Nimechoka kuambiwa bado, na najua wewe umechoka kunishinda.

Panda mtumbwi huo huo ulioleta barua hii. Nywele zako nitazinyoa mimi mwenyewe. Hapa mtaani sijamwambia yeyote kwamba unakuja, kwa hiyo hakuna wa kukulilia wala wa kukucheka. Na huko usimuage mtu. Mjomba akimaliza kusoma, naye anyamaze. Ukiulizwa, sema unakwenda Kindu kumpikia mgeni.

Ni mimi binti yako, niliyekalia mfuko.