Amplifaya Mbili na Sauti ya Mama

Jumamosi, saa kumi jioni. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala jua halitoki. Nami nimekaa sakafuni sebuleni kwangu, mtaa wa Nyakato, nyaya zimenizunguka miguuni na moyo hautulii.

Niandike tu, labda nitapumua.

Wiki nzima nimekuwa mgonjwa wa amplifaya. Fundi Kulwa, anayetengeneza redio karibu na kazini kwetu, aliniazima mbili nichague moja: ile kubwa ya Kijapani, mtumba, nzito kama gunia la mpunga, na nyingine mpya, ndogo, inayopokea muziki moja kwa moja kutoka kwenye simu. Waya wa spika nimeshabadilisha mara nne. Ule mnene wa shaba ulinifurahisha siku moja, kesho yake nikaona unaziba sauti nyembamba. Nimebishana mtandaoni na watu nisiowajua kuhusu faili za muziki, zipi zimebanwa na zipi hazijabanwa. Mke wangu, Adela, akasema utadhani nafunga umeme wa mkoa mzima. Nikanuna. Najijua, mimi ni mtu wa kununa.

Jana Fundi Kulwa akaniambia niachane na muziki, utanidanganya. "Weka sauti ya mtu unayemfahamu," alisema. "Ikitoka kama yeye mwenyewe, hiyo ndiyo amplifaya yako."

Basi leo mchana nikaunganisha simu, nikaweka ujumbe wa sauti wa mama. Mama yuko Muleba, anaishi peke yake tangu baba afariki. Kila Jumapili hunitumia ujumbe: habari za migomba, habari za kanisani, nimsalimie wajukuu.

Nikafumba macho nipime vizuri.

Nikasikia anavuta pumzi. Maneno matatu, pumzi. Maneno mawili, pumzi, na ndani ya pumzi kuna mkwaruzo. Nikadhani ni waya. Nikahamia amplifaya ya pili, mkwaruzo uleule. Nikabadilisha waya, nikabadilisha spika, na kusema kweli nilikuwa naomba iwe ni waya. Kisha nikatafuta ujumbe wake wa mwaka jana. Humo anasalimia nyumba nzima, jina kwa jina, bila kupumzika, na sauti ni safi.

Vifaa ni vizima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujumbe huo nilishausikiliza, na ule wa kabla yake pia. Ila mimi humsikiliza mama kwa spidi ya mara mbili. Ndiyo, nakiri. Simu ina kitufe hicho, nami hukibonyeza huku navaa viatu, kwa kuwa mama huongea taratibu. Kwa spidi hiyo pumzi zake hazisikiki kabisa. Halafu namjibu kwa picha ya kidole gumba. Naweza kukaa saa tatu nikitafuta tofauti ya waya na waya, ila dakika mbili za kumsikiliza mama yangu sina. Naona aibu, tena najichukia.

Zamani nilisingizia foleni ya kivuko pale Busisi, njiani kwenda kwa mama. Sasa daraja lipo na bado sijaenda.

Adela alisikiliza mara moja tu, akaweka mkono mdomoni, akaenda kunipangia nguo kwenye begi.

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, sijambo mwanangu, yote kama kawaida. Nikamwambia nakuja kesho kwa basi la kwanza, twende hospitali. Nilijiandaa kubishana, maana miaka yote nikisema nakuja hujibu kwamba nisijisumbue, nina kazi, nauli imepanda, yeye hana shida yoyote.

Akavuta pumzi.

"Njoo, baba," alisema. "Uwahi."

Mama hajawahi kuniambia niwahi. Sijui nimeshachelewa kiasi gani.